Je, Wajua? Pa kuanzia Biblia, kwa msomaji wa Mbulu na Hanang

Je, wajua kwamba ndani ya Biblia yenyewe yumo msomaji aliyekwama? Habari yake iko Matendo ya Mitume, sura ya 8. Ni mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, anarudi kwao kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza. Yuko garini, ameshika kitabu cha nabii Isaya. Elimu anayo, kitabu anacho, cheo anacho. Maana ndiyo haipati. Filipo anamkaribia na kumuuliza kama anaelewa anachokisoma, na yule mkubwa haoni haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Anamkaribisha Filipo garini, wanasoma pamoja. Kwa hiyo mtu wa Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu aliyefungua Biblia akaona giza tupu asijidharau. Ametanguliwa na mtunza hazina wa malkia.

Je, wajua Filipo alijuaje kwamba kinachosomwa ni Isaya? Alikisikia. Zamani hizo watu walizoea kusoma kwa sauti hata walipokuwa peke yao, na barua za Paulo ziliandikwa ili zisomwe mbele ya kusanyiko. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike inaagiza hivyo kabla ya kufunga (5:27). Mjukuu anayesoma kwa sauti jioni na bibi anayemsikiliza huku akipukuchua mahindi wanafanya kazi moja. Bibi asiyejua herufi hata moja yuko karibu na Wakristo wa kwanza kuliko msomi anayesoma kimya ofisini, maana wengi wa wale wa kwanza walilipokea Neno kwa sikio.

Je, wajua kwamba jina la Kushi limefika hadi Mbulu? Wanaisimu huihesabu lugha ya Wairaqw kuwa ya jamii ya Kikushi, pamoja na Kigorowa cha Babati na Kialagwa na Kiburunge cha upande wa Kondoa. Jina hilo lilichukuliwa kwa Kushi anayetajwa katika Mwanzo 10 kuwa mwana wa Hamu. Ni jina la kitaalamu tu, wala halimfanyi mtunza hazina yule kuwa babu wa mtu wa Kainam. Hata hivyo sioni ubaya kijana wa Kiiraqw akifurahi kujua hivyo anapoanza na sura ya 8 ya Matendo.

Je, wajua kwamba Mbulu ni mojawapo ya mahali pachache sana Afrika ambapo koo nne za lugha zisizo na undugu hukutana katika eneo moja? Kuna Kikushi cha Wairaqw. Kuna Kiniloti cha Wadatooga, wakiwemo Wabarabaig wa Hanang. Kuna Kibantu cha Wanyisanzu, Wanyiramba na Wanyaturu. Na kuna Kihadza cha bonde la Yaeda, lugha yenye vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Siku ya mnada watu wa lugha zote hizo husalimiana kwa Kiswahili. Msomaji wa hapa akifika Matendo 2, penye orodha ndefu ya mataifa yaliyokusanyika Yerusalemu kila moja na lugha yake, hahitaji maelezo mengi.

Je, wajua kwamba Biblia ipo kwa Kiiraqw? Agano Jipya lilichapwa miaka ya 1970, na Biblia nzima ikafuata baadaye. Anayekifungua kitabu hicho mara ya kwanza hukutana na hh, tl, sl na q, na tena alama ya mkwaju, /, inayosimama kama herufi kamili kwa sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina. Wazungumzaji wengi wa Kiiraqw walifundishwa kusoma kwa Kiswahili shuleni, kwa hiyo lugha yao ya nyumbani huwasumbua karatasini ingawa mdomoni inateleza. Dawa yake ni fupi: soma fungu unalolijua tayari kwa moyo, mathalani sala aliyoifundisha Yesu katika Mathayo 6, halafu macho yatafuata sikio. Na ukikwama kwenye neno, kuna kamusi kubwa ya Kiiraqw iliyotolewa mwaka 2002 na Maarten Mous, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Roland Kießling. Imefasiriwa kwa Kiingereza, lakini hata kwa tahajia peke yake inafaa.

Je, wajua ni nani aliyemsaidia mtafsiri wa kwanza wa Biblia kwa Kiswahili? Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyeketi naye alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini, Mwislamu na mwanachuoni. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Kazi haikusimama. Ninapoona Mkristo anaona haya kumuuliza jirani yake Mwislamu maana ya neno gumu la Kiswahili lililomo kwenye Biblia, humkumbusha habari ya kadhi yule.

Je, wajua kwamba Biblia ya Kiswahili unayoisikia kanisani huenda ni kubwa kwa umri kuliko baba yako? Edward Steere wa Unguja alitoa Agano Jipya mwaka 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja ikakamilika mwaka 1891, baada ya kifo chake. Karl Roehl, Mjerumani, alitoa yake nzima mwaka 1937, akiyapunguza maneno ya Kiarabu kadiri alivyoweza. Kisha ikaja ile wanayoiita Union Version, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia yote mwaka 1952, iliyokusudiwa iwaunganishe wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita. Biblia Habari Njema, ya Kiswahili chepesi, ilikamilika miaka ya 1990 kwa kazi ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti.

Ipi uanze nayo? Mimi namshauri mtu mpya ashike Habari Njema ili ajue kinachotokea, halafu asome fungu lilelile katika Union ili alizoeze sikio lake yale atakayoyasikia kwenye ibada. Asiwe mtu wa kubishana ipi ni Biblia ya kweli kabla hajamaliza hata kitabu kimoja. Na akiona Biblia moja inaandika Yohana na nyingine Yohane, ni mtu yuleyule.

Je, wajua kwa nini Biblia ya jirani yako ni nene kuliko yako? Ya Kiprotestanti ina vitabu 66, ya Kikatoliki 73. Tofauti ni vitabu saba vya Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo, pamoja na nyongeza katika Esta na Danieli. Kanisa la Tewahedo la Ethiopia huhesabu 81. Agano Jipya ni vitabu 27 kwa Mkatoliki na kwa Mlutheri vilevile, na katika nyumba zenye ndoa ya mchanganyiko, ambazo Mbulu ni nyingi, hapo ndipo pa kuanzia pasipo na ugomvi.

Je, wajua kwamba wale walioandika hawakuweka namba? Sura zinahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Namba zinasaidia kutafuta mahali. Mk 4:3–9 maana yake ni Marko, sura ya 4, mstari wa 3 hadi wa 9. Zina madhara pia, nayo ni makubwa: humzoeza mtu kuung'oa mstari mmoja na kuuacha uliotangulia na unaofuata.

Je, wajua kwamba barua za Paulo hazikupangwa kwa tarehe? Zimepangwa kwa urefu, kuanzia Warumi iliyo ndefu hadi Filemoni iliyo fupi, kwanza zile za makanisa halafu za watu binafsi. Anayezisoma kwa mfululizo huo akitarajia hadithi iendelee atachanganyikiwa bure.

Je, wajua wengi huachia wapi? Wanaanza na Mwanzo 1, wanakwenda vizuri na Ibrahimu, Yakobo na Yusufu, wanavuka Bahari ya Shamu, halafu kwenye Kutoka 25 wanakutana na vipimo vya hema, taji, pete na mapazia. Anayepita hapo huishiwa nguvu kwenye Mambo ya Walawi.

Lakini kwa wazee wa huku Walawi si lazima iwe ngumu hivyo. Wairaqw walikuwa na desturi waliyoiita metimani: nyumba iliyofikwa na kifo, au mtu aliyeguswa na jambo lililohesabiwa kuwa na unajisi, alikaa kando kwa muda, asile na majirani wala asiingie kwao, hadi siku zake zitimie na atakaswe. Mzee aliyeyaona hayo utotoni akisomewa Walawi 12 hadi 15, juu ya mama aliyejifungua, mwenye ugonjwa wa ngozi na siku za kutengwa, hana haja ya kufafanuliwa kwa nini jamii nzima ililichukulia jambo hilo kwa uzito. Kijana wa mjini ndiye anayeona ni mambo ya ajabu. Kwa hiyo usimwambie kila mtu aruke Walawi. Mwambie asome na mzee. Kisha waende pamoja Marko 5, kwa mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 na kuligusa vazi la Yesu katikati ya msongamano wa watu, na waone ni ukuta gani aliouvuka mama yule.

Je, wajua kwa nini katika Biblia nyingi za Kiswahili neno BWANA huandikwa kwa herufi kubwa zote katika Agano la Kale? Pale pana jina la Mungu la Kiebrania lenye herufi nne, ambalo Wayahudi, kwa heshima, waliacha kulitamka. Msomaji akilifikia hulipita kwa kusema Adonai. Wageni wengi huhitaji darasa refu ili waelewe jambo hili. Mke wa Kidatooga halihitaji. Kwa desturi yao, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, na si jina peke yake. Hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti huyaepuka na kutumia mengine badala yake. Akina mama wa Hanang wamelilea jina kwa kunyamaza vizazi na vizazi. Ningependa kuona mwalimu wa darasa la ubatizo akianzia hapo, kwa kumwomba mama wa Kidatooga aeleze mwenyewe kwa nini jina zito halirushwi ovyo.

Je, wajua kwamba Zaburi nyingi ziliimbwa kwa kuitikiana? Tazama Zaburi 136: mistari 26, na kila mstari unafungwa na kiitikio kilekile. Kwa anayesoma kimya peke yake inachosha. Sasa mweke mtu mmoja aongoze na nyumba nzima iitikie, na Zaburi inainuka. Wairaqw wanalijua hilo kwa slufay, sala yao ya baraka, ambapo mzee mwenye ulimi hunena na waliokusanyika huitikia, wakiomba mvua, amani, watoto na mifugo. Slufay na Zaburi si za imani moja, wala sisemi zichanganywe. Nasema kwamba sikio lililolelewa na slufay lina mafunzo tayari, na ni hasara kumpa mtu huyo Zaburi kama ukurasa wa kusoma kwa macho.

Je, wajua pia kwamba ukitafuta Zaburi ya mchungaji katika vitabu vya zamani vya Kikatoliki utaikuta na namba 22? Biblia zinazofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini hurudi nyuma kwa moja katika sehemu kubwa ya kitabu. Fupi kuliko zote ni Zaburi 117, mistari miwili. Ndefu ni 119, mistari 176. Usianze na hiyo.

Je, wajua ni Watanzania wangapi wameona shamba la ngano kwa macho yao? Si wengi. Msomaji wa Tanga au Mtwara huisoma ngano ya Injili kama neno la vitabuni. Wa Basotu ameiona ikichipua, ikibeba masuke na ikikatwa. Soma Mathayo 13:24–30, mfano wa magugu katikati ya ngano. Gugu linalofikiriwa na wafafanuzi hufanana mno na ngano, na halitambuliki vizuri mpaka masuke yatoke. Mizizi nayo imeshafungamana. Ndiyo maana mwenye shamba anawazuia watumishi wasing'oe. Mkulima wa Hanang akiulizwa mfano huo una maana gani, muacheni aseme kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya kitabu cha ufafanuzi.

Na je, wajua kwamba mashamba hayohayo yana sura nyingine inayopatikana pia katika Biblia? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Hanang. Hayo yalikuwa malisho ya Wabarabaig, na humo mlikuwa na bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika Mahakama ya Rufani miaka ya 1980, na wanakijiji hawakushinda. Sasa fungua 1 Wafalme 21. Nabothi ana shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake. Mfalme Ahabu analitaka, anatoa bei nzuri na hata badala yake. Nabothi anakataa kwa sababu urithi wa baba zake hauuzwi. Kilichofuata ni hukumu ya uongo na mauaji, na nabii Eliya akatumwa kumkabili mfalme. Kesi hizi mbili hazilingani katika kila jambo. Lakini mfugaji aliyeambiwa kwamba Biblia ni kitabu cha mbinguni tu, kisichojua habari ya malisho na makaburi, hajaambiwa ukweli, na sura hiyo moja inatosha kumwonyesha.

Je, wajua kitabu cha kusoma usiku mmoja? Ruthu, sura nne. Mjane mgeni anaokota masazo shambani wakati wa mavuno ya shayiri na ngano, na mwisho wazee wanakaa langoni kuamua ni jamaa gani wa marehemu atakayesimama kwa ajili yake. Hakuna ukoo wa huku usiojua kikao cha namna hiyo.

Je, wajua kwamba tarehe 3 Desemba 2023, siku matope na mawe ya Mlima Hanang yaliposhuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio? Maporomoko yalikuja alfajiri. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nyumba, maduka na mifugo vikachukuliwa. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua kubwa hadi ikameguka.

Asubuhi ileile, katika makanisa Katoliki kote duniani yanayofuata mpangilio wa Roma, ulikuwa umeanza Mwaka B, mwaka wa Injili ya Marko. Somo la Injili lilikuwa Marko 13:33–37, habari ya kukesha kwa kuwa mwenye nyumba haijulikani atakuja saa ngapi ya usiku au alfajiri. Somo la kwanza lilitoka Isaya 63 na 64, sala ya watu waliovunjika wanaomlilia Mungu apasue mbingu ashuke, milima itetemeke mbele zake.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na nataka kusema wazi namna ya kulisoma na namna ya kutolisoma. Masomo yale hayakuchaguliwa kwa ajili ya Hanang. Mpangilio wa masomo wa miaka mitatu, A, B na C, uliwekwa mwaka 1969 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na siku ile watu wa Manila na wa Roma waliyasikia maneno hayohayo. Anayeshika Biblia na kusema mlima ulishuka kwa dhambi za watu wa Katesh ametumia Maandiko kuwapiga waliofiwa. Tena Yesu mwenyewe alikwisha kulijibu wazo la jinsi hiyo. Luka 13:1–5: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, naye akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Kila anayeanza kusoma Biblia katika Hanang alijue fungu hili mapema, kabla hajakutana na mtu wa kumtisha.

Na anayelia apewe Zaburi za kulia. Sehemu kubwa ya Zaburi zote 150, karibu theluthi, ni maombolezo. Zaburi 88 inaisha gizani bila faraja yoyote. Wale waliovikusanya vitabu hawakuiondoa wala hawakuipaka sukari mwishoni. Zaburi 46 inataja milima ikihama na kuanguka katikati ya bahari, na haimlaumu aliyeogopa. Mtu aliyempoteza mtoto kwenye matope anaweza kuanza kusoma Biblia kwa kitabu cha Zaburi peke yake, mwaka mzima, na asiwe amekosea njia.

Je, wajua kwamba njia ya hatua saba ya kusoma Injili katika jumuiya ndogondogo ilibuniwa Afrika? Ilitoka kituo cha Lumko, Afrika Kusini, wakati ambapo maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, miaka ya 1970, walizifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele. Mnamwalika Bwana. Mnasoma fungu. Kila mmoja anachagua neno au maneno machache na kuyatamka kwa sauti, polepole, mara tatu. Mnakaa kimya. Mnashirikishana mlichoguswa nacho bila kuhubiriana. Mnazungumza kazi gani jumuiya ifanye juma hilo, nani mgonjwa, nani hana mbegu. Mnasali. Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mama asiyejua kusoma anaweza kurudia neno alilolisikia, na neno hilo mdomoni mwake lina uzito uleule. Walutheri wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba, na fungu likisomwa huko mlango uko wazi kwa jirani yeyote.

Je, wajua Neno limekaa huku muda gani? Mapadri wa White Fathers walifika Uiraqw mwanzoni mwa karne ya 20. Mbulu ikawa eneo la kitume mwaka 1943 na jimbo mwaka 1953. Askofu Nicodemus Hhando aliliongoza kuanzia 1971 hadi 1997. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na misheni ya Norway, na leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Wamisionari wametajwa sana. Makatekista na wainjilisti wenyeji, waliotembea kwa miguu toka kigango hadi kigango wakiwasomea watu wasio na kitabu, hawajaandikwa vya kutosha. Ukimwona mmoja wao aliyezeeka kijijini kwenu, kaa naye akueleze alianza na fungu gani.

Je, wajua hesabu nyepesi kuliko zote? Agano Jipya lina sura 260. Soma sura tano kwa juma, Jumatatu hadi Ijumaa, na utalimaliza kwa majuma 52, mwaka kamili, na Jumamosi na Jumapili zikabaki za mnada na kanisa. Injili nne peke yake ni sura 89: ukianza mahindi yanapopandwa, sura moja kwa siku, utamaliza kabla hayajakauka shambani. Mithali ina sura 31, kwa hiyo wengine husoma sura ya tarehe ya siku. Usipoweza siku moja, endelea ulipoishia. Usijaribu kulipa deni la sura nne usiku mmoja, maana hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Je, wajua kwa nini wengi wetu humwambia mgeni aanze na Marko? Ni Injili fupi kuliko zote, sura 16. Wataalamu wengi wanaiona kuwa ya kwanza kuandikwa, karibu mwaka 70, na Mathayo na Luka wametumia sehemu yake kubwa. Haina orodha ya ukoo mwanzoni. Yesu anabatizwa na kuanza kazi kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Mtu akiisoma kwa sauti, bila haraka, huimaliza kwa muda wa saa mbili hivi, kwa hiyo jumuiya inaweza kuisoma nzima Jumapili moja alasiri kwa kupokezana. Nimewaona watu waliosikia vipande vyake maisha yao yote wakishangaa kuisikia kwa mfululizo: kumbe karibu theluthi ya kitabu ni juma moja tu la Yerusalemu.

Na ukifika sura ya 16 utaona jambo. Nakala kuukuu tulizo nazo za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8: wanawake wameambiwa amefufuka, wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka, wala hawamwambii mtu. Biblia nyingi huitia mistari ya 9 hadi 20 kwenye mabano au kuiwekea maelezo chini kwa sababu hiyo. Usibabaike. Soma yote, soma na maelezo, muulize katekista au mchungaji wako anasemaje. Kisha geuza ukurasa, kwa sababu Luka anafuata papo hapo, na ameandika kwa mpangilio kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufundishwa kidogo, Theofilo, akitaka awe na hakika. Ana sura 24, na Matendo ya Mitume ni kitabu chake cha pili.